Kipokezi Kisichopokea

Septemba 2021, serikali yetu ilitangaza mlipuko wa meninjiti huko Banalia, jimboni Tshopo. Hesabu ya wakati huo ilikuwa wagonjwa 261, na kati yao 129 walikuwa wamekwisha kufa. Aliyewaua ni bakteria aitwaye meningokoki. Kwetu Kindu, tulio na mto mmoja na Kisangani, hiyo si habari ya mbali.

Chanjo nyingi za meningokoki huufundisha mwili kutambua gamba la sukari linalomfunika. Lakini magamba ni ya aina nyingi: chanjo ya aina A haizuii aina W. Gamba la B nalo hufanana na sukari ya mwili wetu wenyewe, hivyo mwili haulishtukii.

Ndiyo maana watafiti walitafuta kitu ambacho aina zote hukihitaji: chuma. Katika damu, chuma hubebwa na protini iitwayo transferini. Meningokoki huinasa kwa protini zilizo juu ya ngozi yake, kisha huipokonya chuma. Protini hizo huitwa vipokezi. Vikitumiwa kama chanjo, kuna mtego: transferini yetu hunata juu yake na kuficha sehemu ambayo kinga ya mwili ilipaswa kuiona.

Utatuzi wake hautamshangaza mwanaisimu. “Pata” na “bata” hutofautiana kwa sauti moja tu, lakini maana huhama. Protini nayo huundwa kwa asidi amino za aina 20, mfano wa herufi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, herufi moja, ya 167, ilibadilishwa katika kipokezi cha bakteria wa nguruwe: tairosini ikawa alanini. Umbo lilibaki, uwezo wa kunasa ukapotea. Nguruwe waliochanjwa kwa protini hiyo walikingwa vizuri kuliko waliopewa ile ya asili. Kwa meninjiti ya binadamu, kazi ya vipokezi hivi bado haijazaa chanjo inayotumika.

Hapo ndipo kazi yetu inapoanza. “Kipokezi” latokana na kupokea, na anayepokea amepewa. Bakteria hapewi, anapokonya. Mama akiuliza chanjo imetengenezwa kwa nini, neno hilo halitamsaidia. Napendekeza “kipokonyi”, na chanjo tuieleze kuwa ni mkono wa mwizi uliopooza: mwili unajifunza kuutambua, na mkono hauwezi kuiba.