Amri Imekatazwa, Zawadi Je?

Eneobunge ambalo leo ni Kitutu Masaba, Kaunti ya Nyamira, liliwahi kunyang'anywa mbunge bila kura wala kesi. Mwaka 1977 George Anyona, mbunge wa Kitutu Mashariki, alihoji Bungeni zabuni ya mabehewa ya reli, na muda si muda akatiwa kizuizini. Aliachiliwa Desemba 1978, akazuiliwa tena kuanzia 1982 hadi 1984. Mara ya tatu serikali ilibadili mbinu: mwaka 1990 yeye na wenzake watatu walikamatwa, wakafunguliwa mashtaka ya uchochezi, na mwaka uliofuata wakahukumiwa kifungo cha miaka 7. Safari hii palikuwa na hakimu, mawakili na hati ya mashtaka, lakini hati hiyo ilitoka ofisini mwa Mwanasheria Mkuu, na ofisi hiyo ilikuwa imeshalegezwa. Marekebisho ya Katiba ya 1986 yalimwezesha Rais kumfuta kazi Mwanasheria Mkuu apendavyo, na mwaka 1988 majaji nao wakavuliwa kinga ya kutofutwa kazi ovyo. Kinga ilirudishwa 1990, ila mazoea ya kusubiri kauli kutoka Ikulu hayakufutwa na kura ya Bunge.

Waandishi wa Katiba ya 2010 waliyajua haya yote, ndiyo maana Kifungu cha 157 kiliwapokonya wanasiasa faili za jinai. Mashtaka yaliondolewa mikononi mwa Mwanasheria Mkuu, ambaye ni mshauri wa serikali, yakakabidhiwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Mkurugenzi huyu haombi ruhusa ya mtu yeyote kumshtaki mtu, wala haamrishwi na yeyote. Hawezi kuondoa kesi bila idhini ya mahakama, tofauti na enzi za Mwanasheria Mkuu aliyeweza kuifuta kesi kwa saini yake na asiulizwe. Muhula wake ni miaka 8, hauongezwi. Hesabu ya muhula huo ni nyepesi kueleweka: mtu asiyetarajia kuteuliwa upya hana sababu ya kumfurahisha mteuzi.

Hesabu hiyo ina shimo. Keriako Tobiko, aliyekuwa wa kwanza kushika wadhifa huo mwaka 2011, hakumaliza miaka 8. Mapema 2018 Rais Uhuru Kenyatta alimfanya Waziri wa Mazingira. Mrithi wake, Noordin Haji, naye hakumaliza. Juni 2023, chini ya Rais William Ruto, akawa mkuu wa Idara ya Ujasusi. Hakuna sheria iliyovunjwa, na simshutumu yeyote kati yao kwamba aliuza faili. Hoja yangu ni kwamba wakurugenzi wawili wa kwanza, chini ya marais wawili tofauti, wote waliondoka kabla ya wakati kwenda kwenye kazi iliyo mikononi mwa Rais. Katiba ilimzuia Rais kutoa amri, ikasahau kumzuia kutoa zawadi. Wala njia hii si mpya: Bernard Chunga, aliyesimamia mashtaka dhidi ya watuhumiwa wa vuguvugu la siri la Mwakenya katika miaka ya 1980, aliishia kuwa Jaji Mkuu mwaka 1999.

Ili kuona shaka inayozaliwa na hali hiyo, chukua kesi ya ufisadi ya shilingi bilioni 7.4 iliyomkabili Rigathi Gachagua. Alishtakiwa mwaka 2021, alipokuwa mbunge wa kambi iliyokosana na Rais wa wakati huo. Septemba 2022 akaapishwa kuwa Naibu wa Rais, na Novemba kesi ikaondolewa kwa idhini ya mahakama, upande wa mashtaka ukisema ushahidi hautoshi. Kama ushahidi ulikuwa dhaifu tangu mwanzo, basi alishtakiwa kwa sababu ya siasa zake. Kama ulikuwa na nguvu, basi aliachiliwa kwa sababu ya cheo chake. Mwananchi anaweza kuchagua tafsiri aipendayo. Zote mbili zinaiumiza ofisi ile ile ambayo mawakili wake husimama kila siku katika mahakama za Kisii na Nyamira kwenye kesi za mauaji, unajisi na wizi wa mifugo. Waendesha mashtaka hao hutumia mamlaka ya Mkurugenzi, na doa lake ni lao.

Nyamira imetoa pia watu wawili waliosimama pande mbili za mvutano huu wa Ikulu na vyombo vya haki. David Maraga alikuwa Jaji Mkuu Mahakama ya Juu ilipofuta uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba 2017. Hakuna aliyempigia simu kumfuta kazi. Kilichofuata kilikuja kwa njia ya uhasibu na saini. Majaji 41 waliopendekezwa na Tume ya Huduma za Mahakama mwaka 2019 walikaa bila kuapishwa, hata baada ya Mahakama Kuu kuagiza wateuliwe. Juni 2021 wengi wao waliteuliwa, sita wakaachwa hadi Septemba 2022. Novemba 2019 Maraga alilalamika hadharani kuwa Hazina imeikata bajeti ya mahakama. Upande wa pili, mwana wa Borabu, Fred Matiang'i, alikuwa Waziri wa Usalama wa Ndani wakati wakili wa upinzani Miguna Miguna alipofukuzwa nchini licha ya maagizo ya mahakama, na Machi 2018 Mahakama Kuu ilimpata na hatia ya kudharau mahakama, ikamtoza faini ya shilingi 200,000. Ugonjwa huu hauna chama: Rais Ruto, aliyewaapisha wale majaji sita, mwanzoni mwa 2024 naye alikuwa akitishia kutoheshimu maagizo ya majaji aliowaita wafisadi.

Wapo wanaosema mwendesha mashtaka asiyeamrishwa na mtu aliyepigiwa kura ni mfalme mdogo. Hofu hiyo si ya kijinga, lakini mfalme huyu ana mipaka: mahakama inaweza kumkatalia kuondoa kesi, inaweza kuzima mashtaka ya hila, na jopo linaweza kumng'oa. Hatari ya njia mbadala ilionekana Marekani: huko Mwanasheria Mkuu huteuliwa na kuondolewa na Rais, na Oktoba 1973 Rais Nixon aliwapoteza wakuu wawili wa Wizara ya Sheria kwa usiku mmoja akitafuta wa kumfuta kazi mwendesha mashtaka aliyekuwa akimchunguza. Alimpata wa tatu. Wengine watasema si haki kumnyima ofisa hodari kupanda cheo. Hanyimwi, anasubirishwa. Bunge lipitishe sheria kwamba aliyekuwa Mkurugenzi wa Mashtaka asipokee uteuzi wowote wa Rais mpaka ipite miaka mitano tangu aondoke ofisini, na pensheni yake iwe nono kiasi cha kumfanya asubiri bila njaa.

Maraga na Matiang'i wote wametangaza nia ya kuwania urais mwaka 2027. Watakuja uwanja wa Gusii, watakuja Keroka na Nyamira mjini, na wengi watawapokea kama watoto wa nyumbani. Wapokeeni. Kisha mmoja wenu aombe maikrofoni amuulize kila mgombea, awe wa Gusii au wa kwingine, kama ataitia saini sheria hiyo, na atafanya nini siku mahakama itakapomwambia hapana.