Stesheni Isiyo na Stesheni Masta

Hapa Bujumbura hatuna reli. Ile iliyo karibu nasi huishia Kigoma, ilikofika mwaka 1914, na kutoka huko mizigo huvuka ziwa kwa meli. Basi wengi wetu tukisikia neno stesheni hufikiri jumba kubwa, wachukuzi, na stesheni masta mwenye kofia. Lakini huko Japani karibu nusu ya stesheni zote hazina mtumishi hata mmoja.

Stesheni ya namna hii, huko mashamba, ni jukwaa la saruji kando ya reli na kibanda chenye benchi na ratiba ukutani. Dirisha la tiketi hakuna. Huenda msomaji akauliza, nauli hulipwaje? Gari lenyewe aghalabu ni behewa moja au mawili, na dereva yuko peke yake. Abiria huingia kwa mlango wa nyuma, na hapo hutwaa kikaratasi chenye namba ya stesheni aliyopandia. Mbele, juu ya dereva, upo ubao unaoonyesha nauli ya kila namba, nayo huzidi kadiri gari linavyokwenda. Akifika kwake, hutoka kwa mlango wa mbele, akitia kikaratasi na fedha katika sanduku, dereva akitazama. Kudanganya si rahisi kama mtu anavyodhani!

Sababu ya mambo haya ni fedha. Vijana wamehamia mijini, waliobaki wana motokaa, na nauli za abiria wachache haziwezi kulipa mshahara. Lakini mwenye kiti cha magurudumu atapandaje, ikiwa hakuna wa kumwekea ubao mlangoni? Mwaka 2020 watu wenye ulemavu wa mkoa wa Oita waliishitaki kampuni ya JR Kyushu kwa ajili hiyo. Mimi naona walikuwa na hoja.

Tena kuondoa watumishi hakuokoi stesheni siku zote. Kyu-Shirataki, katika kisiwa cha Hokkaido chenye theluji nyingi, ilibakiwa na abiria mmoja wa kila siku, msichana wa sekondari. Ilifungwa Machi 2016, alipomaliza masomo. Habari ilienea duniani kwamba iliachwa wazi kwa ajili yake tu. Hapo chumvi iliongezwa, maana Machi ndio mwezi ambao reli za Japani hubadili ratiba kila mwaka.

Nasi yatuhusu. Mwaka 2025 ilizinduliwa kazi ya kujenga reli ya kutoka Uvinza, Tanzania, hadi Musongati kwetu. Reli mpya ya Dar es Salaam na Morogoro, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2024, ina stesheni 6 tu katika kilometa kama 200. Vijiji vya katikati hutazama gari likipita. Behewa moja lenye sanduku la nauli laweza kusimama penye kibanda tu. Gari refu haliwezi, kwa kuwa dereva hawezi kupokea nauli za watu mia kadhaa. Kwa hiyo wanakijiji wetu watakaotaka kituo yawapasa kuomba kwanza gari dogo, kisha kibanda.