Kishindo Kisichoonekana Mwezini

Mmoja wenu ameniuliza kama ni kweli Wamarekani waliwahi kuupiga mwezi kwa makusudi. Ni kweli. Ilikuwa tarehe 9 Oktoba 2009, na shabaha yao ilikuwa Cabeus, shimo lenye upana wa kilomita 100 hivi karibu na ncha ya kusini ya mwezi.

Humo mna sehemu ambazo jua halijafika tangu enzi na enzi. Maji yakiingia huganda, yakabaki. NASA ikaona heri kutupa kitu kizito gizani humo, vumbi liruke hadi kwenye mwanga, lipimwe. Kitu chenyewe kilikuwa roketi tupu ya Centaur, yenye uzito unaozidi tani mbili, ikienda kilomita 2.5 kwa sekunde. Nyuma yake, kwa dakika nne hivi, kilifuata chombo kiitwacho LCROSS, kikipima kabla nacho hakijaanguka.

Wapenzi wa nyota, yaani watu wenye darubini zao majumbani, waliombwa nao watazame. Darubini ya inchi 10 hadi 12, waliambiwa, ingetosha. Basi wakajiandaa, na kazi haikuwa ndogo. Ukiwa duniani, ncha ile unaiona kwa ubavu tu, na milima ya mbele inaificha sakafu ya shimo. Ilibidi wajizoeze kuitambua milima yenyewe, mmoja mmoja. Halafu mwishoni mwa Septemba shabaha ikahamishwa kutoka shimo la jirani, wakaanza upya!

Saa ikafika: saa 10:31 alfajiri kule California. Kwetu Afrika Mashariki ilikuwa saa 8:31 mchana, mwezi umekwisha kutua. Waliokesha hawakuona kitu. Hata darubini kubwa ya Palomar haikuona.

Wengi walinung'unika, na mimi siwalaumu. Picha za kuchora zilizotangulia ziliwaahidi fataki. Kumbe vumbi lilikuwapo, ila hafifu. Mwaka 2013 wataalamu walilifichua kwa kompyuta katika picha zilizopigwa usiku ule New Mexico.

LCROSS yenyewe ililiona kwa karibu. Tarehe 13 Novemba 2009 NASA ikatangaza kuwa maji yamo. Hesabu iliyotolewa mwaka 2010 ilitaja kilo 155 hivi, mvuke na barafu pamoja, katika eneo lililotazamwa na chombo. Kwa kipimo chetu, karibu madebe manane.