Kitambaa Kisicho na Mdomo

Sogeeni karibu, wapwa zangu. Leo msimulizi si mimi. Ni kitambaa.

"Mimi ni kitambaa cheusi. Sina mdomo, lakini nilisema. Ilikuwa Desemba 1965, mjini Des Moines, Marekani. Mary Beth Tinker, binti wa miaka 13, alinifunga mkononi tukaenda shule. Vita vya Vietnam vilikuwa vinaua watu. Yeye aliwalilia wote, wa huku na wa kule, akataka vita visimame. Hakupiga kelele. Hakumtukana mtu. Alikaa zake kwenye somo la hesabu. Sina mdomo, lakini walimu walinisikia! Wakuu wa shule walikuwa wameshatupiga marufuku sisi vitambaa. Akaitwa ofisini. Akaambiwa anivue, akanivua. Hata hivyo akarudishwa nyumbani."

"Mjomba, sasa kosa lake nini?"

Umeuliza vizuri, mwanangu! Swali hilohilo lilifika Mahakama ya Juu ya Marekani. Tarehe 24 Februari 1969, majaji 7 kati ya 9 wakajibu: mwanafunzi haachi haki yake ya kusema langoni mwa shule.

"Kwa hiyo naweza kupayuka darasani?"

La hasha! Jikoni, mtoto anaruhusiwa kusema chumvi imezidi. Haruhusiwi kumwaga chungu. Majaji walisema hivyo pia: usivuruge masomo, usiingilie haki za wenzako.

"Na mambo ya dini je, mjomba?"

Aa, wewe una akili ya kuchimba! Huko West Virginia, watoto wa Mashahidi wa Yehova walifukuzwa shule. Walikataa kuipigia bendera saluti. Kwao, heshima ya namna hiyo ni ya Mungu peke yake. Mwaka 1943 mahakama ileile ikawatetea: mtoto asilazimishwe kutamka asichokiamini. Na kumbukeni, nchi ilikuwa vitani, bendera zinapepea kila mahali. Tena miaka 3 tu kabla ya hapo, mahakama hiyohiyo ilikuwa imeamua kinyume. Nawaheshimu sana majaji wanaokubali kujisahihisha.

"Mwalimu akituamuru tuombe wote sala moja?"

Huko Marekani, shule ya serikali haiwezi. Mahakama ilikataza mwaka 1962. Lakini mtoto akiinamisha kichwa kabla ya mtihani, akaomba sala yake mwenyewe, hakuna mwalimu wa kumzuia.