Yangambi: Mashini ya kuandika ikimeza herufi, usikimbilie kuitupa

Risiti ya faranga 22.000 inatoka mashinini ikiwa imeandikwa «.000». Mwaka 2025 unakuwa «05». Mwenye kutapa anarudia, anakaza kidole, lakini namba 2 haitokei. Kwa biro ambayo bado inategemea mashini ya kuandika ya umeme, karatasi ya namna hiyo haiwezi kupigwa muhuri.

Yangambi, katika eneo la Isangi, kilomita zipatazo 100 magharibi ya Kisangani, ni mahali ambapo makaratasi yana uzito. INEAC, kituo cha utafiti wa kilimo kilichoanzishwa mwaka 1933 na ambacho leo kinaitwa INERA, kilikusanya huko maelfu ya mimea iliyokaushwa, kila mmoja na kikaratasi chake cha maelezo. Madaftari ya kufuatilia miti, ya kuanzia 1937 hadi 1958, bado yanawasaidia watafiti wa msitu hadi leo. Lakini mvua ya Yangambi ni karibu milimita 1.800 kwa mwaka, na unyevu huo hauchagui: unaingia kwenye karatasi, unaingia pia chini ya vitufe.

Mashini za zamani za chuma zilipiga herufi kwa mikono midogo. Zile za umeme, zilizoenea maofisini miaka ya 1980, hufanya kazi nyingine. Katika nyingi, chini ya kila kitufe kuna kipande cha mpira chenye doa jeusi la kaboni. Ukibonyeza, doa hilo linagusa njia mbili za umeme, na mashini inajua ni herufi gani. Vumbi au kutu vikikaa katikati, hakuna kinachopita.

Kabla ya kufungua chochote, mashini yenyewe inaweza kusema ugonjwa wake. Kwenye klavie ya AZERTY, é na 2 ni kitufe kimoja. Kama é inatoka na 2 haitoki, kitufe hicho ni kizima. Tazama kile cha herufi kubwa. Zikipotea zote mbili, uchafu uko hapo chini. Herufi kadhaa zikifa kwa mpigo, hata kama hazikai jirani, kuna njia moja ya umeme iliyokatika, kwa sababu vitufe vingi hushirikiana njia moja. Klavie nzima ikinyamaza, anza na utepe bapa wa nyaya unaoiunganisha na mashini: mara nyingine umelegea tu. Na kama mashini inasogea lakini karatasi inabaki nyeupe, klavie haina kosa. Wino ndio umekwisha, au nyundo haipigi.

Kusafisha ni kazi ya subira zaidi kuliko ya ujuzi. Chomoa waya wa umeme, piga picha kwa simu kabla ya kutoa skrubu, kisha pangusa njia za umeme kwa pamba yenye alkoholi. Doa la kaboni lipanguswe polepole. Ukilikwangua kwa kisu, umeliua. Petroli, ambayo wengine huikimbilia, huharibu mpira na plastiki. Acha vyote vikauke kabisa. Katika hewa ya Yangambi, hiyo inaweza kumaanisha kungoja hadi kesho.

Njia iliyokatika hutafutwa kwa kipimo cha umeme, ncha moja huku na nyingine kule. Ikiwa imechorwa juu ya plastiki laini, solda itaiyeyusha. Hutumika rangi maalumu yenye madini ya fedha. Doa la kaboni likiwa limelika kabisa, mafundi hulitoa kwenye kitufe kisichotumika sana, au kwenye mashini nyingine ya aina ileile iliyokufa. Ndiyo sababu mashini mbovu iliyo pembeni ya biro isiuzwe kwanza kama chuma chakavu.