Kamera Tatu, Tukio Moja: Sehemu ya Pili

Katika sehemu ya kwanza tulikuwa na kamera moja tu. Tuliona mwigizaji anavyosema maneno yake, kazi ikasimamishwa, taa zikahamishwa, kamera ikapelekwa upande wa pili, na maneno yaleyale yakasemwa upya ili uso wa mwenzake nao upatikane. Filamu nyingi tunazozisifu zimepatikana kwa njia hiyo, na sina nia ya kuidharau. Lakini ina sharti lake: tukio likubali kurudiwa. Mpira ukishatinga wavuni haurudishwi katikati ya uwanja ili upigwe picha kwa upande mwingine. Waziri akishateleza ulimi mubashara, ameteleza. Na mwimbaji wa taarabu aliyefika kwenye ubeti uliowainua watu vitini hawezi kuombwa auimbe tena, huku watu nao wakiinuka kwa agizo.

Wengi wakiona kamera tatu au nne ukumbini huhesabu fedha. Huyu ana uwezo, wanasema. Mimi naamini kamera ya pili na ya tatu huwekwa kwa sababu ya muda. Zinalinda mwendo wa tukio lenyewe, lisikatwe wala kusubirishwa kwa ajili ya picha. Anayesahau hilo anaweza kukodi kamera kumi na bado asipate kitu.

Fikra hii ina umri mkubwa kuliko televisheni za majumbani. Tarehe 11 Septemba 1928, mjini Schenectady katika jimbo la New York, kampuni ya General Electric ilirusha hewani mchezo wa kuigiza uitwao The Queen's Messenger. Kamera za siku hizo zilikuwa dhaifu, kila moja ikiweza kuonyesha uso wa mtu mmoja na si zaidi. Basi zikapangwa tatu: mbili kwa nyuso za waigizaji wawili, ya tatu kwa mikono na vitu vilivyoshikwa, na mikono hiyo ilikuwa ya waigizaji wengine kabisa. Mwongozaji Mortimer Stewart alikuwa na kisanduku chenye vifundo, akivizungusha kufifisha picha hii na kuingiza ile. Swicha ya leo, mtambo wa kuchagua picha ya kwenda hewani, inafanya kazi ileile ya kisanduku kile.

Miaka tisa baadaye, tarehe 12 Mei 1937, BBC ilizitoa kamera nje ya studio zake za Alexandra Palace, London, kuonyesha msafara wa kutawazwa kwa Mfalme George VI. Kamera tatu aina ya Emitron zilisimamishwa Hyde Park Corner, zikaunganishwa na gari la mitambo, na picha ikasafiri kwa kebo hadi Alexandra Palace. Ndani ya kanisa la Westminster televisheni haikuruhusiwa. Ruhusa hiyo ilikuja mwaka 1953, alipotawazwa Elizabeth II.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote, na chenye mafunzo mengi zaidi, ni cha Hollywood mwaka 1951. Lucille Ball na mumewe Desi Arnaz walikuwa wakiandaa kipindi cha vichekesho cha I Love Lucy kwa ajili ya CBS. Mdhamini, kampuni ya sigara ya Philip Morris, alitaka kichezwe mubashara kutoka New York, kwa kuwa watazamaji wengi wa wakati ule walikuwa mashariki mwa Marekani. Kikichezwa Hollywood, watu wa mashariki wangepata nakala iliyopatikana kwa kuelekeza kamera ya filamu kwenye kioo cha televisheni, picha hafifu yenye ukungu. Mke na mume hawakutaka kuhama. Wakasema watakipiga kwa filamu ya sinema ya milimita 35, ili picha iwe safi popote itakapofika. Gharama ikapanda. Wakakubali kupunguziwa malipo yao, na badala yake wakabaki na umiliki wa filamu hizo. Uamuzi huo uliwatajirisha, maana kipindi kilichohifadhiwa kwenye filamu kinaweza kuuzwa na kuonyeshwa tena miaka na miaka.

Likabaki tatizo moja. Lucille Ball alichekesha vizuri zaidi mbele ya watu. Kicheko ndicho kilichompimia asubiri muda gani kabla ya neno linalofuata. Kwa kamera moja, yenye kusimama na kuanza upya, kicheko hicho kingekufa. Nani atacheka kwa moyo akisikia kichekesho kilekile mara ya nne?

Aliyepewa kazi ya kulitatua ni Karl Freund, mzaliwa wa Bohemia aliyepata jina Berlin. Katika filamu ya F. W. Murnau ya mwaka 1924, Der letzte Mann, alijifunga kamera kifuani akatembea nayo. Baadaye alikuwa miongoni mwa wapigapicha wa Metropolis ya Fritz Lang. Mtu aliyeing'oa kamera kwenye miguu yake mitatu sasa alitakiwa kuzipanga kamera tatu mbele ya hadhira ya watu wapatao 300, bila kuwaziba wasione.

Kamera ya katikati aliipa lenzi pana, ichukue chumba chote. Za pembeni alizipa lenzi ndefu zaidi, kwa picha za karibu. Zote zilipandishwa kwenye vigari vya magurudumu, kila moja na watu wake, zikifuata alama zilizowekwa sakafuni wakati wa mazoezi. Mchezo ukaenda kwa mfuatano wake tangu mwanzo hadi mwisho, na mapumziko mafupi ya kubadili nguo. Ugumu mkubwa ulikuwa kwenye taa. Mwanga unaopendeza kwenye picha ya mbali huweza kuuharibu uso kwenye picha ya karibu, na hapa zote mbili zilipigwa kwa sekunde ileile. Freund akazitundika taa zake karibu zote juu, sakafu ikabaki wazi kwa ajili ya vigari, akaueneza mwanga sawasawa ili mwigizaji asiingie gizani popote atakaposimama. Alilipa gharama kwa hilo: vivuli vizito vya filamu zake za Berlin havimo kabisa ndani ya I Love Lucy. Nadhani alichagua vyema. Kipindi kile kilisimama juu ya uso wa Lucille Ball, na uso huo ulitakiwa kuonekana kila mahali na kila wakati.

Freund hakuwa na swicha. Kamera zote tatu zilipiga filamu, kisha mhariri akaziendesha pamoja kwenye mashine moja na kuchagua. Kwenye televisheni ya mubashara uchaguzi huo hufanyika papo hapo, na hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu kweli.

Ingia kwenye chumba cha kuongozea matangazo utakuta safu ya monita: moja kwa kila kamera, moja ya picha inayofuata, moja ya picha iliyo hewani. Mwongozaji anaziangalia zote, lakini akili yake inatakiwa iwe sekunde mbili tatu mbele. Anasema kwenye tokbeki, chombo cha kuzungumza na wapiga kamera wake: "Kamera mbili, nipe uso, stendibai… teki!" Aliye kwenye swicha anabonyeza. Taa nyekundu ya kamera ya pili inawaka na ya kwanza inazimika. Huku kuzimika nako ni ujumbe. Mpiga kamera wa kwanza sasa yuko huru kusogea, kubadili ukubwa wa picha na kutafuta kitakachohitajika baadaye. Taa ikiwa inawaka hasogei ila kwa agizo.

Nimeona kumbi nyingi ambako kamera tatu zimekodiwa na tokbeki haipo. Matokeo yake hayabadiliki: kila mpiga kamera, kwa nia njema kabisa, anaelekea kwenye uso wa mwimbaji. Nyuso tatu za mtu mmoja kwa ukubwa uleule! Mwongozaji akikata kutoka moja kwenda nyingine, mtazamaji anaona mwimbaji ameruka kidogo pembeni, basi. Mwenye fedha ya kamera mbili na tokbeki amefika mbali kuliko mwenye kamera tano zisizosikilizana.

Kusikilizana, basi, ndiyo sheria ya kwanza; ya pili ni ya mstari. Watu wawili wakitazamana, chora akilini mstari kutoka pua ya huyu hadi pua ya yule, kisha weka kamera zote upande mmoja wa mstari huo. Kamera moja ikivuka, wote wawili wataonekana wanatazama upande mmoja, kana kwamba wanazungumza na mtu wa tatu asiyekuwepo. Anayetazama mechi ya Simba na Yanga anaitegemea sheria hii bila kuitaja: timu inayoshambulia kutoka kushoto kwenda kulia inaendelea hivyo hadi mapumziko, kwa sababu kamera kuu zote zimekaa upande mmoja wa uwanja.

Kisha kuna kulingana. Kwa viwango vya kwetu kamera hupiga fremu 25 kwa sekunde, yaani milisekunde 40 kwa kila fremu. Kamera zisipoanza fremu zao kwa pamoja, picha inaweza kuruka wakati wa kukata. Ndiyo maana studio huzilisha zote mpigo mmoja kutoka kwenye mtambo mmoja. Swicha nyingi ndogo za siku hizi husawazisha zenyewe kwa kuichelewesha picha kidogo, na hapo sauti nayo icheleweshwe kiasi hichohicho. Sauti ina yake pia: husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, hivyo kamera iliyo mita 34 kutoka jukwaani, kwa maikrofoni yake yenyewe, itausikia wimbo kwa kuchelewa sehemu ya kumi ya sekunde, zaidi ya fremu mbili. Midomo itaachana na maneno. Sauti ichukuliwe kwenye meza ya sauti, si kwenye kamera.

Rangi zilinganishwe kabla watu hawajaingia. Kila kamera ioneshwe karatasi nyeupe moja, chini ya taa zilezile zitakazotumika. Bila hivyo kanga nyekundu kwenye kamera ya kwanza inakuwa ya machungwa kwenye ya tatu. Na mwangaza usiachiwe kamera ijipangie: taa kali ikiwaka nyuma ya mwimbaji, kamera inajibana na uso wake unakuwa giza. Nyuso zetu nyeusi zimeharibiwa sana na uvivu huu, na inaniuma, kwa sababu tiba yake ni kuweka kwa mkono na kupima kwenye uso wa mwimbaji mwenyewe.

Sasa tuyapeleke haya kwenye taarabu asilia, na kamera zetu ziwe tatu. Mazoea ni kuiweka kamera kuu katikati ya ukumbi, mbele, usawa wa kifua. Inapendeza mpaka wimbo unapokolea. Hapo mama mmoja anainuka kwenye kiti chake, noti ya kumtunza mwimbaji mkononi, anaenda mbele kwa madaha akicheza taratibu, na nyuma yake wanafuata wengine. Kamera ya katikati inabaki na migongo. Uso wa mwimbaji umepotea katika dakika ileile ambayo watu wataizungumzia kesho.

Kwa hiyo kamera ya kwanza iende nyuma kabisa, juu ya jukwaa dogo, ipite vichwa vya waliosimama. Kamera ya pili ikae chini, upande wa kushoto wa ukumbi, ipate uso wa mwimbaji kwa pembeni hata akiwa na watunzaji mbele yake. Kamera ya tatu iwe kwenye kona ya jukwaa, kushoto pia, iweze kupiga fidla, kanuni na kodiani, kisha igeuke kutazama hadhira. Kwa nini zote mbili kushoto? Kwa sababu ya ule mstari. Mtunzaji na mwimbaji wanatazamana. Kwa mpango huu mwimbaji atatazama kulia mwa kioo na mtunzaji atatoka kulia kwenda kushoto, na wataonekana wanakutana. Kamera ya tatu ikihamia kulia mwa ukumbi, wataonekana wanafuatana.

Na kamera ya kutazama hadhira si ya kujazia. Anayetunza mara nyingi anasema kitu. Ameinuka kwenye mshororo fulani, si mwingine, kwa sababu mshororo huo umempata, au anataka umpate mtu aliyekaa meza ya pili. Mwongozaji asiyeujua wimbo atamwonyesha mama huyo akiwa ameshafika mbele, na mtazamaji wa nyumbani hatajua ni neno gani lililomwinua. Anayeujua ataandika maneno ya wimbo mapema na kutia alama pembeni: mshororo wa kwanza, kamera ya pili, uso; mwisho wa ubeti, kamera ya tatu iwe tayari inatazama viti; kiitikio, kamera ya kwanza, ukumbi mzima; ala zikibaki peke yake, kamera ya tatu irudi kwenye fidla. Mpango huo utavunjwa na usiku wenyewe, lakini anayeuvunja akiwa nao hakati ovyo.

Maana kukata ovyo ni ugonjwa wa kwetu sasa. Picha inabadilika kila sekunde mbili, vidole, uso, taa, uso, hata kwenye wimbo wa taratibu. Ukiwa na uso unaoimba kwa dhati, ukae nao ubeti mzima. Ukate kwa sababu kuna kitu kipya cha kuonekana, na ukate mwisho wa mshororo, mwimbaji anapovuta pumzi.

Jambo la mwisho ni la tahadhari. Mbali na picha inayotoka kwenye swicha, kila kamera irekodi picha zake kwenye kadi yake mwanzo hadi mwisho, saa za kamera zote zikiwa zimelinganishwa. Ikiwa mwongozaji alichelewa, mama akainuka na kamera ya tatu haikuwa hewani, picha ya kuinuka kwake itakuwepo kwenye kadi, na mhariri ataiingiza katika nakala ya kuhifadhiwa. Sehemu ya tatu itahusu sauti ya ukumbi: maikrofoni ngapi kwa bendi nzima, ziwekwe wapi, na namna ya kurekodi vigelegele visiumeze wimbo.