Ruvuma: Mto usiopandika, lakini huvukwa kila siku

Mfanyabiashara anayetoka Mtwara kwenda Palma au Mocímboa da Praia hana budi kuupigia hodi Mto Ruvuma kwanza. Katika kivuko cha Kilambo, mkabala na Namoto upande wa Msumbiji, safari haipangwi na ofisa wa forodha peke yake. Hupangwa pia na bahari inavyojaa na kupwa, na mafungu ya mchanga yanayohama kila msimu wa mvua.

Ruvuma huanzia katika milima ya Matogoro, karibu na Songea, na kutiririka kwa takriban kilomita 800 hadi Bahari ya Hindi, kaskazini mwa Rasi ya Delgado. Kwa sehemu kubwa ya mwendo huo ndio mpaka wa Tanzania na Msumbiji. Huko bara, ng'ambo ya kusini, ni pori la Hifadhi ya Niassa, lenye ukubwa unaozidi kilomita za mraba 40,000. Tembo na simba ni wengi, vijiji ni vichache. Mto Lugenda, mkubwa kuliko yote inayoingia Ruvuma, hukutana nao Negomano.

Waliotaka kuufanya Ruvuma barabara ya maji walishindwa. Mwaka 1861 David Livingstone aliingia na meli yake, Pioneer, akitafuta njia ya kufika Ziwa Nyasa bila kupita katika himaya ya Wareno. Maji yalipungua, akarudi. Mwaka 1862 alijaribu tena kwa mashua, akazuiwa na miamba. Misafara ya Wayao iliyoleta pembe za ndovu na watumwa pwani ilikwenda kwa miguu.

Kuugawa mto kulikuwa rahisi zaidi, kwa kuwa kulifanyika mezani. Mwaka 1886 Wajerumani na Wareno walikubaliana kuwa Ruvuma uwe mpaka. Lakini mwaka 1894 Wajerumani waliteka Kionga, kipande cha ardhi kusini mwa mlango wa mto. Wareno walikirudisha mwaka 1916, na Mkataba wa Versailles wa 1919 ukathibitisha kuwa ni chao. Wamakonde wa pande zote mbili waliendelea kuoana na kuzikana.

Vita vya ukombozi navyo vilipitia hapo. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, na wapiganaji wake walivuka mto huo kuelekea kusini kabla ya risasi za kwanza, Septemba 1964. Wakimbizi walivuka kuja kaskazini.

Wazo la daraja lilikuwapo tangu enzi za Mwalimu Nyerere na Samora Machel. Daraja la Umoja, lenye urefu wa mita 720, lilifunguliwa Mei 2010 na marais Jakaya Kikwete na Armando Guebuza, likiunganisha Mtambaswala na Negomano. Hata hivyo, kutoka Mtwara ni zaidi ya kilomita 200 kwa barabara. Kwa mwenye mzigo wa kwenda Palma huo ni mzunguko mrefu, na gharama ya mafuta inaweza kumaliza faida yote. Ndiyo maana wachuuzi wa pwani wameendelea kutegemea kivuko na mitumbwi.

Tangu Oktoba 2017, waasi walipoishambulia Mocímboa da Praia, mashaka yamezidi. Palma, jirani na mradi wa gesi wa Afungi, ilivamiwa Machi 2021, na maelfu walikimbia, baadhi yao wakielekea Ruvuma. Ulinzi mpakani ukakazwa, na masoko yaliyozoea bidhaa za ng'ambo yakakauka.

Kwa hiyo anayepanga safari ana mambo matatu ya kuuliza kabla ya kufunga mzigo: hali ya usalama barabarani, saa ya maji kujaa, na kama kivuko kinafanya kazi. Lugha haitamsumbua. Upande wa pili atakuta Kimakonde, na Kimwani kilicho jirani na Kiswahili, na bei itaelewana.